Kiwanja Kinapofungwa: Somo juu ya Afya ya Akili ya Vijana Wanamichezo Wakati wa Ugonjwa wa Muda Mrefu



Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya watoto wetu wa miaka 12 hadi 18 wanaocheza mpira wa miguu, nzango, voliboli na mbio. Tutaangalia yaliyowapata wakati wa ugonjwa wa Korona, yaani Covid-19, ulipofunga shule na viwanja. Mtu anaweza kuuliza: mambo ya mwaka 2020 yanatuhusu nini leo? Yanatuhusu kwa sababu magonjwa ya kuambukiza hayajaisha katika nchi yetu, na siku yoyote viwanja vinaweza kufungwa tena. Tukijifunza sasa, siku hiyo haitatukuta mikono mitupu.

Mfano wa kuanzia

Tuseme kuna kijana wa miaka 15. Alizaliwa katika kijiji kimoja upande wa Salamabila, katika teritwari ya Kabambare. Vita vilipofika karibu na machimbo ya dhahabu, mama yake aliwachukua watoto wote wakatembea siku nyingi hadi Kasongo. Huko jamaa mmoja aliwapokea katika nyumba ya vyumba viwili ambayo tayari ilikuwa na watu wanane.

Shuleni wenzake walimwita "mukimbizi". Hakuwa na jina lingine. Halafu siku moja kipa wa timu ya mtaa aliumia mkono, naye akaombwa asimame golini. Alidaka mipira mitatu migumu. Tangu siku hiyo hakuitwa tena mukimbizi. Aliitwa "Kipa". Hata wazee waliokaa chini ya mwembe walimwita hivyo alipopita na ndoo ya maji.

Ndipo ugonjwa ukaja na kiwanja kikafungwa. Baada ya miezi miwili mama yake alisema: "Mtoto huyu analala mchana, usiku anakaa macho. Hataki kula. Ukimwita, anajibu kwa hasira. Sijui nani amemroga."

Kijana huyu ni mfano tu. Lakini wazazi wengi watakaosoma habari hii watasema, "Huyu ni wa kwangu."

Yaliyotokea mwaka 2020 na 2021

Tukumbuke kwa ufupi. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku iliyofuata, Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) lilitangaza kwamba ugonjwa huo umeenea dunia nzima. Tarehe 18 Machi Rais alitangaza kufungwa kwa shule, makanisa, misikiti na mikutano ya watu wengi, pamoja na michezo. Tarehe 24 Machi nchi ikaingia katika hali ya dharura, na hali hiyo ilidumu hadi Julai.

Mwezi wa Agosti madarasa ya mwisho yalirudi shuleni ili watoto wafanye mitihani, na viwanja vikaanza kuruhusiwa. Mwaka mpya wa masomo ulianza tarehe 12 Oktoba. Tulidhani yamekwisha. Lakini mwezi wa Desemba serikali iliweka amri ya kutotoka usiku, na shule zikafungwa tena hadi Februari 2021. Kufunga, kufungua na kufunga tena kuliwachosha watoto kuliko kufungwa mara moja. Mtu anaweza kuvumilia mzigo akijua ataushusha wapi. Asipojua, mzigo uleule unamvunja mgongo.

Michezo mikubwa nayo ilisimama. Ligi ya taifa, ambayo vijana wa Maniema huifuata kwa ajili ya timu yetu ya AS Maniema Union ya Kindu, ilikatizwa kabla ya kumalizika. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilisogezwa kutoka mwaka 2020 hadi 2021.

Hatusemi kwamba kufunga viwanja kulikuwa kosa. Ugonjwa ulikuwa mpya, na viongozi walitaka kuokoa maisha. Tunasema hivi: tulifunga kiwanja, halafu tukawasahau waliokuwa wakicheza humo. Hilo ndilo kosa ambalo tunaweza kulirekebisha.

Afya ya akili ni nini?

Watu wengi wakisikia "afya ya akili" wanafikiri juu ya mwendawazimu anayetembea sokoni. Sivyo. Afya ya akili ni ile nguvu ya ndani inayomwezesha mtu kulala, kula, kujifunza, kupatana na wenzake na kusimama tena baada ya taabu. Kila mtu anayo, kama kila mtu alivyo na afya ya mwili. Inaweza kudhoofika, na inaweza kupona.

Kwetu watu husema, "ana mawazo mengi" au "roho yake ni nzito". Maneno hayo ni mazuri, wala hayamwaibishi mtu. Tuyatumie.

WHO inaeleza kwamba duniani kote, kati ya vijana 7 wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Mwezi wa Machi 2022 shirika hilo lilisema kwamba katika mwaka wa kwanza wa Korona wasiwasi na huzuni nzito viliongezeka duniani kwa kiasi cha asilimia 25, na vijana walikuwa kati ya walioumia zaidi.

Na wanamichezo je? Mwezi wa Mei 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, huko Marekani, waliwauliza wanamichezo zaidi ya 3,000 wa shule za sekondari wa jimbo hilo. Karibu wawili kati ya kila watatu walieleza dalili za wasiwasi au za huzuni. Baadaye watafiti hao waliona kwamba vijana waliorudi kucheza walikuwa na nafuu kuliko wale ambao bado walikuwa wamezuiwa. Ikiwa mtoto wa nchi tajiri, mwenye chumba chake na simu yake, aliumia hivyo, tufikiri juu ya mtoto wetu aliyekwisha kuikimbia nyumba yake.

Kwa nini mwanamichezo anaumia zaidi?

Kiwanja kinapofungwa, kijana anapoteza mambo matano kwa siku moja:

1. Mwendo wa siku. Mazoezi ya saa kumi jioni yalikuwa saa yake. Yakiondoka, mchana na usiku vinachanganyika.

2. Kazi ya mwili. Mwili uliozoea kukimbia ukikaa bure, usingizi unakimbia na hasira inapanda.

3. Wenzake. Watoto hawasemi mambo ya moyoni wakikaa ana kwa ana kama wazee. Wanayasema wakitembea kwenda kiwanjani, au wakifua jezi mtoni.

4. Mtu mzima anayemjua. Mara nyingi kocha ndiye wa kwanza kuona kwamba mtoto amebadilika.

5. Ndoto. Kijana wa miaka 16 anajua kwamba mwaka mmoja ukipita, umri wake wa kuchezea timu ya wadogo umekwisha. Kwa mzee mwaka ni mfupi. Kwake yeye mwaka ni mlango unaofungwa.

Kwa mtoto aliyekimbia vita kuna jambo la sita: jina. Timu ilimpa jina lisilo la ukimbizi. Timu ikivunjika, jina lile la zamani linarudi. Ndiyo sababu mtoto wa mfano wetu aliumia hivyo. Hakupoteza mchezo tu. Alifukuzwa nyumbani mara ya pili.

Tusiwasahau wasichana

Shule ilipofungwa, mvulana alikosa la kufanya, lakini msichana aliongezewa kazi: maji, kuni, kutwanga sombe, kubeba wadogo, kulima. Saa yake ya nzango au voliboli ililiwa na kazi za nyumbani, na hakuna aliyeuliza kama anasikitika, kwa sababu alionekana yuko na shughuli nyingi.

Wengine katika miezi hiyo walipata mimba au waliozwa mapema, nao hawakurudi shuleni wala mchezoni. Mzazi, jiulize: binti yako anayo hata saa moja kwa siku iliyo yake mwenyewe? Saa hiyo si anasa. Ni dawa.

Dalili za kuangalia

Siku mbaya moja si ugonjwa. Lakini dalili hizi zikidumu wiki mbili au zaidi, tusizidharau:

- Halali, au analala mchana kutwa.
- Ameacha kula, au anakula bila hamu.
- Kichwa au tumbo linamuuma mara kwa mara, na kituo cha afya hakioni ugonjwa.
- Anakasirika kwa jambo dogo, anapiga wadogo zake.
- Anajitenga, mpira unapita mbele yake naye hageuki.
- Ameanza pombe ya kienyeji au bangi.
- Anasema "sina faida" au "heri nisingezaliwa".

Dalili hii ya mwisho ni ya hatari. Mtoto akisema habari za kufa, usimgombeze wala usicheke. Muulize waziwazi na kwa upole: "Je, umefikiri kujiua?" Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunamfungulia mlango wa kusema. Usimwache peke yake. Ondoa dawa za sumu za shambani, kamba na visu mahali alipo. Mpeleke siku hiyohiyo kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya, ili aelekezwe hospitali ikihitajika.

Wengine watasema amerogwa au ana pepo. Tunawaomba: msimfunge kamba, msimpige, msimnyime chakula. Kama familia inataka kumwombea, na imwombee, lakini imfikishe pia kwa muuguzi.

Wengine watasema ni uvivu, au kwamba mwanamume halii. Tuwajibu kwa mfano. Mwaka 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Simone Biles wa Marekani, mmoja wa wanamichezo hodari kabisa duniani, alijitoa katika mashindano kadhaa akaeleza mbele ya watu wote kwamba anahitaji kulinda afya yake ya akili. Siku chache baadaye alirudi akapata medali ya shaba. Mwenye nguvu naye huchoka, na kusema "nimechoka" hakumwondolei nguvu zake.

Jambo hili linahusu amani

Mtu anaweza kuuliza: gazeti la amani linaingiaje katika habari za mpira?

Katika mitaa yetu timu inachanganya watoto wa wenyeji na watoto waliokimbia, watoto wa kabila hili na lile, wa msikiti na wa kanisa. Wazazi wao wanagombania shamba na kisima, lakini Jumapili wanasimama pamoja pembeni mwa kiwanja wakishangilia goli moja. Kiwanja kikifungwa, kila mmoja anarudi kwa watu wake. Hapo ndipo maneno yanaanza: "Wakimbizi ndio waliotuletea ugonjwa." Hakuna mtu anayeweza kuyazima maneno hayo vizuri kama mtoto anayesema, "Huyo ni kipa wetu."

Tena, kijana mwenye mwili wa nguvu, asiye na kazi, asiye na wenzake, mwenye hasira, anatafutwa. Wenye machimbo wanamtaka ashuke shimoni. Makundi yenye silaha yanamtaka porini. Wanamwahidi vitu vilevile alivyopewa na timu: wenzake, jina, mkubwa wa kumwongoza na saa ya kuamka. Tusimwache mtoto achague kati ya upweke na bunduki.

Tufanye nini?

Tunaona hatua tatu.

*Kabla kiwanja hakijafungwa.* Kila kocha aandike katika daftari majina ya wachezaji wake, mahali wanapolala na mtu mzima wa kuulizwa. Timu ya watoto 20 igawanywe katika vikundi vya wanne, mwenyeji na mkimbizi pamoja. Kila kikundi kiwe na mtoto mmoja wa kuwaangalia wenzake. Kazi hii haihitaji pesa.

*Kiwanja kikiwa kimefungwa.* Chifu au kocha awaeleze watoto wenyewe, si wazazi tu, kwa nini kimefungwa na lini habari itatolewa tena. Kama hajui tarehe, aseme hajui, lakini atarudi Jumamosi kuwaambia. Na Jumamosi arudi kweli.

Saa ya mazoezi ibaki ileile. Kila mtoto afanye mazoezi uani kwao: kuruka, kukimbia mahali pamoja, kupiga mpira wa matambara ukutani. Kocha apite nyumba kwa nyumba, asimame mbali kama wauguzi walivyoagiza, aulize mambo matatu: umelala? umekula? umeongea na nani?

Timu ipewe kazi ya heshima. Wachezaji wanaweza kuonyesha majirani jinsi ya kunawa mikono, au kumchotea maji mzee asiyeweza kutoka. Mtoto anayesaidia wengine hukumbuka kwamba ana faida.

Wazazi, msitumie mchezo kama adhabu. Kumwambia mtoto "hutacheza tena kamwe" wakati amekwisha kupoteza kila kitu ni kumwagia chumvi kwenye kidonda.

Mtoto akionekana kuelemewa, tufuate njia inayofundishwa na WHO kwa mtu yeyote anayetaka kumsaidia mwenye taabu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama yuko salama na anahitaji nini. Sikiliza bila kumkatiza na bila kumlazimisha asimulie mambo ya vita. Muunganishe na jamaa, kocha, mwalimu au kituo cha afya. Huhitaji kuwa daktari kufanya hivyo.

*Kiwanja kikifunguliwa.* Tusianze na mechi. Siku ya kwanza timu ikae chini ya mti, kila mmoja aseme alipitaje. Wakumbukwe waliofariki au waliohama. Mazoezi yaanze polepole kwa wiki kadhaa, kwa sababu mwili uliokaa bure huumia haraka. Asiachwe mtoto kwa sababu amepungua nguvu au amenenepa. Na asiyekuja, afuatwe nyumbani kwao. Mara nyingi asiyekuja ndiye anayehitaji kuja kuliko wote.

Somo hili na ugonjwa wa mpox

Ugonjwa wa mpox uligunduliwa kwa binadamu mara ya kwanza hapa Kongo mwaka 1970, na Maniema ni kati ya mikoa inayoujua kwa muda mrefu. Mwezi wa Agosti 2024 WHO iliutangaza kuwa dharura ya dunia. Tangazo hilo liliondolewa Septemba 2025, lakini ugonjwa wenyewe haujaondoka nchini. Unaambukizwa hasa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na kwa nguo au matandiko ya mgonjwa.

Kwa hiyo mwenye homa na vipele asicheze, na wachezaji wasibadilishane jezi wala taulo. Mgonjwa akae mbali na wenzake hadi magamba yote yaanguke na ngozi mpya iote. Lakini wakati huo wote timu imtumie salamu kila siku, na akipona apokewe bila kuchekwa kwa ajili ya makovu. Tutenge ugonjwa, tusimtenge mtoto.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika mtaa wetu, kiwanja kilipofungwa mwaka 2020, ni watoto gani hawakurudi? Wako wapi leo?
2. Nani katika kamati yetu anajua majina ya vijana wote wanaocheza?
3. Mtoto wa mkimbizi anaitwaje na wenzake? Sisi wakubwa tunamwitaje?
4. Binti zetu wana saa gani ya kucheza?
5. Kiwanja kikifungwa kesho, nani atapita nyumba kwa nyumba?

Ndugu zetu, turudi kwa yule kijana wa mfano wetu. Hakuhitaji kitu kikubwa. Alihitaji kocha asimame mlangoni jioni moja, akiwa mbali, na kumwita kwa jina lake: "Kipa, umelala? Umekula? Tunakungoja." Wazee wetu wanasema umoja ni nguvu. Umoja huo haukai katika magoli mawili ya miti. Unakaa kati ya watu, na kati ya watu hakuna ugonjwa unaoweza kutuzuia kuulinda, tukitaka.

Someni somo hili pamoja katika kamati zenu, na liwafikie hata wasiojua kusoma. Tunawatakia amani nyumbani mwenu na viwanjani mwenu.